Mwaka wa Pasi na Beseni

Siku tulipoanua matanga ya Zaina, wageni wameshaondoka na sufuria za watu zimerudishwa, binti yake Rehema alivuta sanduku la mama yake kutoka uvunguni akaanza kugawa. Kanga huku, mitandio kule, mashuka ya kupeleka msikitini pembeni. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani, magoti yananiuma, nakunywa mukaru, chai yetu ya Biryogo isiyo na maziwa, huku namkosoa kila anapokunja nguo vibaya, maana uzee umenipa ruhusa hiyo. Mara akatoa gauni la samawati lenye maua madogo meupe. Akalinyoosha mbele ya dirisha, na mwanga ukapenya. Mgongoni, pale kwenye kiuno, palikuwa na matobo, mengine ya kupitisha punje ya mtama, mengine ya kupitisha kidole. "Yewe, hawa nondo!" akasema Rehema. "Mama Mdogo, hili si nitupe tu?" Nondo! Nimefundisha kemia mpaka chaki imeniharibia kifua, na bado naambiwa habari za nondo. Nondo anakula sufu, binti yangu, pamba anaipita. "Buretse," nikamwambia, ngoja kwanza. "Liweke hapa mapajani kwangu, endelea na mitandio." Akaniwekea. Sikuwa nimeligusa tangu ujana, na sikujua kama lipo. Lilikuwa limepita miaka ambayo watu wengi wa mtaa huu hawakuipita.

Mwaka ninaoukumbuka ni wa katikati ya miaka ya themanini, nilipoletwa kukaa kwa Mjomba Sefu ili nisome sekondari hapa mjini. Mambo ya ukoo nayaacha, yana wenyewe wanaoyapenda. Nyumba ya Mjomba ilikuwa na uso na mgongo. Usoni, kwenye kichochoro, ni chumba cha kushonea: cherehani tatu, meza ndefu ya kukatia, na mabaki ya vitambaa sakafuni hadi hujui saruji ina rangi gani. Mgongoni ni ua, na uani ndipo tulipoishi hasa. Palikuwa na jiko la mkaa la Mama Zaina, mke wa Mjomba. Palikuwa na kamba za kuanikia, na mpapai mkaidi ambao haukuzaa hata siku moja. Na kwenye kona, chini ya bati, palikuwa na meza ya Mzee Kasimu, dobi. Mzee Kasimu alifua na kupiga pasi nguo zote zilizotoka kwa Mjomba, na za nusu ya mtaa. Pasi yake ilikuwa ya mkaa, nzito, ina jogoo wa shaba kwenye kifuniko, na kabla ya kuishusha kwenye nguo aliitemea mate kidogo na kutega sikio. Kuhusu Zaina, binamu yangu, mzaliwa pekee wa nyumba ile, nitasema tu kwamba alicheka kwa sauti mahali ambapo wasichana wengine walicheka kwa mkono mdomoni, na kwamba tulilala kitanda kimoja na alikuwa akininyang'anya shuka.

Ng'ambo ya kichochoro, mlango ukitazamana na wetu, Juma alikuwa na kibanda cha kuchaji betri za magari. Ukipita pale unasikia mashine inanguruma taratibu na harufu inakukamata kooni. Wenzetu wa Tanzania wanasema tindikali; shuleni kwa Kifaransa tuliambiwa *acide*; sisi mtaani tulisema maji ya betri, basi. Suruali za Juma zilikuwa matobo matupu mapajani, pale anapofutia mikono, na mafundi wa Mjomba walimwandama kwa hilo. "Juma, weye unalala na panya?" Naye anajibu, "Iko panya mmoja tu, lakini iko na njaa." Sote tulicheka, na hakuna aliyejiuliza zaidi. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye aibu ya kula mbele za watu. Kila alasiri alivuka kuja kuomba mukaru, akanywa amesimama mlangoni. Nilidhani anapenda chai ya Mama Zaina.

Ukuta kati ya chumba chetu sisi wasichana na chumba cha kushonea ulikuwa wa mbao, kwa hiyo cherehani zikinyamaza nilisikia yote. Hivyo ndivyo nilivyosikia, Ijumaa moja baada ya pilau, Mjomba akimwambia mkewe kwamba muuza vitambaa mmoja wa Nyamirambo, mwanamume aliyefiwa na mke, mwenye duka la kona, amemuulizia Zaina. "Ni mutu ya heshima," Mjomba akasema. "Na vitambaa vyake ni vya kweli." Mama Zaina akauliza, "Na mtoto mwenyewe umemuuliza?" Mjomba akacheka kidogo, akakanyaga cherehani, na sikusikia tena. Nilipogeuka, Zaina alikuwa amekaa kitandani, anatazama ukucha wa kidole gumba cha mguu kana kwamba umeandikwa kitu.

Mimi mwaka ule nilikuwa na ugonjwa wangu mwenyewe, nao ulikuwa kemia. Tulikuwa na mwalimu kijana, shati moja la kijani wiki nzima, ambaye siku moja alichora mstari ubaoni kutoka ukuta hadi ukuta. Mwanzo wa mstari akaandika sifuri, mwisho kumi na nne, katikati saba. Huku ni asidi, akasema, chachu, inauma na kula. Kule ni besi, chungu, inateleza vidoleni kama sabuni na maji ya majivu. Na pale saba ni maji safi, hayana upande. Ukikutanisha asidi na besi kwa kipimo chao, zinapozana ukali, unabaki na chumvi na maji. Halafu akatuambia neno ambalo sijaacha kulitafakari hadi leo: kila hatua moja kwenye mstari ule ni mara kumi. Anayetoka sita kwenda tano hakusogea kidogo. Mstari huo una jina la herufi mbili, pH, na kwa Kifaransa tulilisema *pe-ashi*. Akatueleza pia habari za mvua ya Ulaya, kwamba moshi wa viwanda unapanda mawinguni na kurudi umekuwa asidi, kwamba misitu inakauka imesimama na sanamu za mawe zinapoteza pua. Mvua inayokula mawe! Nilitembea hadi Biryogo nikitazama juu, karibu niangukie mtaroni.

Sasa gauni. Mjomba alimshonea Zaina gauni hili la samawati kwa ajili ya Idi, kwa pamba nzuri, na alilishona kwa mkono wake mwenyewe, hakuwaachia mafundi. Zaina alilivaa Idi nzima. Likakaa sandukuni siku kadhaa, halafu likapelekwa kwa Mzee Kasimu. Siku ile lilipoanikwa, mvua kubwa ilishuka ghafla kutoka mlima wa Kigali na kulikuta kambani pamoja na kanzu na mashuka. Mzee Kasimu akalianika tena, akalipiga pasi, akalileta limekunjwa. Asubuhi yake Mjomba akalifungua mezani mbele ya mafundi ili awaonyeshe jinsi pindo linavyotakiwa kulala. Badala ya pindo wakaona matobo. Cherehani zikanyamaza moja moja. Mjomba akaingiza kidole kwenye tobo moja, akakitazama kidole chake upande wa pili. Kwa fundi wa nguo, gauni la binti yake mwenyewe kutoboka wiki mbili baada ya kushonwa ni aibu ya kuambiwa mtaa mzima, na mtaa mzima ulipita mlangoni pale.

Nikajitia katikati, nani angenizuia? "Mjomba, ni mvua!" Nikamweleza yote kwa pumzi moja: viwanda, moshi, misitu, sanamu zisizo na pua. Fundi mmoja alikuwa ameanza tena kukanyaga cherehani, kwa hiyo nikapaza sauti. "Kuna kipimo chake, Mjomba. Kinaanzia sifuri hadi kumi na nne. Pe-ashi! Pe-ashi ikishuka chini sana, nguo inaliwa!" Mjomba alinitazama kwa makini, na nikaona uso wake ukifunguka polepole kama mtu aliyepata jibu alilolijua tangu mwanzo. "Pasi," akasema. "Hata shule inasema ni pasi." Kabla sijafumba mdomo alikuwa ameshavuka chumba kwenda uani na gauni mkononi.

Wanaojua pasi ya mkaa wanajua kwamba inarusha cheche, na cheche inatoboa. Ndiyo maana Mzee Kasimu aliitemea mate na kuisikiliza, na ndiyo maana shutuma ile ilimwingia vibaya namna ile. "Sefu," akasema, "mimi na weye tumeanza na cherehani moja na pasi moja. Pasi yangu imekuunguzia nini?" "Imeniunguzia hii," Mjomba akasema, akamtandikia gauni mezani. "Na siyo mimi nasema. Mwana wa shule iko hapa, iko na kipimo." Nilikuwa nimefika mlangoni. Nikasema sivyo, Mjomba, sikusema pasi, nimesema pe-ashi. "Si ndiyo hiyo?" akasema. "Pasi." Nikarudia, na kadiri nilivyorudia ndivyo ilivyozidi kuwa pasi, mpaka Mama Zaina akanishika bega akaniambia, "Sha, nyamaza, unaumwagia moto mafuta." Mzee Kasimu hakubishana. Alimwaga mkaa chini, akaumwagia maji, akasubiri pasi ipoe huku ameiweka mikono yote miwili juu ya meza. Akasema atakwenda kwa dada yake Gisozi, na meza atakuja kuichukua akipata mtu wa kumsaidia. Akatoka kwa kupitia chumba cha kushonea, pasi mkononi, mbele ya wote.

Ua bila Mzee Kasimu ulikuwa hauna harufu. Watu walileta nguo, wakaambiwa dobi hayupo, wakauliza kulikoni, na mafundi, midomo haina mlango, wakawaambia. Baada ya siku chache mtaa mzima ulijua kwamba Kasimu amezeeka, haoni cheche tena, anachoma nguo. Dobi anaishi kwa jina zuri tu, nalo alinyang'anywa kwa neno lililotoka kinywani mwangu na kubadilika njiani. Ilinikera mchana na usiku. Nilitaka kuthibitisha kwamba ni mvua, na nilipokaa kufikiri vizuri mvua yenyewe ikanigomea: ililowesha kamba nzima, basi kwa nini kanzu na mashuka ni mazima? Na Kigali ile, tuseme kweli, ilikuwa na viwanda vya kujaza mbingu? Mvua yetu ilikuwa mvua tu. Nilijiona mjinga, na nilistahili.

Jibu lilikuja na kifungua kinywa. Mama Zaina alinikamulia ndimu kwenye mukaru, kama alivyofanya kila asubuhi, na chai nyeusi ikageuka rangi ya asali mbele ya macho yangu, kama ilivyofanya kila asubuhi. Nikaacha mandazi hewani. Nilikuwa nimemwomba mwalimu karatasi zake za kupimia asidi, akasema ni chache na zimehesabiwa. Kumbe kipimo nilikuwa nakinywa. Chai ikikutana na uchachu inapauka. Nikatia jivu kidogo kwenye kikombe kingine, chai ikawa nyeusi zaidi. "Unachezea chakula," Mama Zaina akasema. Nikamwambia, "Mama, nasoma." "Basi soma haraka, iko mandazi inapoa."

Nikachukua kikombe changu chumbani na kulitandika gauni kitandani. Lilikuwa limefuliwa, hivyo sikutegemea litaniambia kitu, na chai haikubadilika. Lakini sasa nililitazama bila kelele za watu. Matobo hayakutawanyika. Yalikuwa makundi mawili, kushoto na kulia kwa uti wa mgongo, na kila kundi lilijipanga: manne yanaelekeana na ya upande wa pili, moja limejitenga kwa juu. Nikaweka mkono wangu wa kushoto juu ya kundi la kulia. Vidole vyangu vikaangukia kwenye matobo, ila vilikuwa vifupi. Nilikaa hapo, mkono juu ya gauni, na nakumbuka masikio yalianza kuniwaka moto.

Zaina akaingia, akaona mkono wangu ulipo, akafunga mlango. Mtandio wa Idi, ambao haukupelekwa kwa dobi, ulikuwa umening'inia msumarini. Niliushusha, nikadondosha chai kwenye upindo unaokaa begani, na doa likapauka pale pale, karibu jeupe. "Juma," nikasema. Zaina alicheka kicheko chake kikubwa, halafu kikageuka kilio katikati, na ikabidi nimzibe mdomo kwa mto kwa sababu ya ule ukuta wa mbao. Ilikuwa siku ya Idi, wengine wote wakiwa uani kwenye biriani. Dereva mmoja alikuwa amemwomba Juma betri ya dharura, akaifanya, akafuta mikono kwenye suruali, akaja kutoa mkono wa Idi. Chumba cha kushonea hakikuwa na mtu mwingine. "Ni mara moja tu, Hadija. Wallahi, mara moja. Sikujua kama mtu anaweza kuacha alama." Nikamweleza alichotueleza mwalimu kuhusu asidi ile: kwamba haionekani, na maji yake yanakauka lakini yenyewe haikauki, inabaki ndani ya uzi ikizidi ukali kimya kimya, na siku ya kufuliwa uzi unaachia. Alisikiliza kama mtu anayesomewa hukumu. "Ukimwambia Baba, mimi nimekwisha," akasema. "Atanipeleka Nyamirambo kabla ya Ijumaa." Nikamwambia, "Na Mzee Kasimu?" Nje tulisikia Mama Zaina anapangusa ile meza ya dobi ambayo hakuna aliyeitumia. Zaina akasema, kwa sauti ndogo nisiyoizoea, "Ni yeye alinifundisha kufunga kamba za viatu. Kwenye ile meza." Sikumwambia la kufanya. Nilikuwa na jibu la kemia tu, na lile lililobaki lilikuwa la kwake.

Mzee Kasimu alikuja kuchukua meza yake asubuhi ya Jumamosi, pasi yake mkononi, na mkokoteni na mtu wa kuusukuma. Ili kuufikia ua ilibidi apite chumba cha kushonea. Alitoa salamu, Mjomba akaitikia bila kuinua macho. Ndipo Juma alipovuka kichochoro. Sijui Zaina alimwambia nini wala lini. Najua tu kwamba aliingia na mikono yake bado ina unyevu wa kazi, akaomba radhi kwa mafundi, akachukua kipande cha kitambaa cheupe cha marekani mezani, akakitandaza, na kukiwekea viganja vyote viwili. Akavibonyeza, vidole vimeachana. Alipoviondoa hapakuwa na kitu. Nguo ilikuwa nyeupe, ina unyevu kidogo tu. "Mzee Kasimu," akasema, "naomba unipigie pasi hapa." Mzee Kasimu alimtazama Mjomba. Mjomba akasema, "Hii ni mchezo gani?" Lakini mzee alishatuma aletewe makaa kutoka jiko la Mama Zaina. Akaipasha pasi moto bila haraka, akaitemea mate, akatega sikio, akaishusha.

Vidole vilitokea kimoja kimoja. Kwanza rangi ya chai, halafu kahawia, halafu vyeusi kabisa, hadi mikono miwili ikawa imelala juu ya marekani mbele yetu wote, na ilipopita pasi mara ya pili ncha za vidole zikabomoka na kuacha matobo. Nilikuwa nimesoma kitabu kizima cha kemia na sikuwahi kuona kitu kama kile. "Ni maji ya betri, Mzee," Juma akasema. "Haiko pasi. Ni mimi." Mjomba hakuelewa bado, niliona hajaelewa, alikuwa anataka kuuliza betri imeingiaje kwenye gauni. Hapo Zaina akatoka chumbani kwetu amelishika gauni, akalitandika kwenye meza ya kukatia, mgongo juu, kando ya ile marekani, na kusimama pale pale. Hakuinamisha kichwa. Mjomba akatazama mikono ile, akatazama gauni, akatazama tena mikono.

"Toka," akamwambia Juma, taratibu kabisa, na Juma akatoka. Kisha akanigeukia. "Weye si ulisema pasi?" "Nilisema pe-ashi, Mjomba." "Pe-ashi," akasema, mara ya kwanza kulipata sawasawa, na niliona jinsi lilivyomuuma. Akavua miwani, akaiweka juu ya cherehani. Mjomba wangu hakuwa mtu wa kuomba radhi, wala sikumsikia akiiomba siku ile. Alitoka kichochoroni, ambako msukuma mkokoteni alikuwa ameshapakia huku sisi tukitazama pasi, akaishusha ile meza ya Mzee Kasimu yeye mwenyewe, akaibeba mgongoni, mtu wa umri ule, akaizungusha nje kwa kupita kichochoro kizima, mbele ya muuza mkaa na wanawake wa bombani na kila aliyesikia kwamba Kasimu anachoma nguo, akairudisha kwenye kona yake chini ya bati. Mzee Kasimu alimfuata nyuma na pasi. Alipoweka kila kitu mahali pake akasema tu, "Mguu huu wa meza unacheza. Tafuta kigingi." Mjomba akaenda kutafuta kigingi.

Msidhani mambo yalikwisha hapo kwa vigelegele. Mjomba hakusema na Zaina kwa muda ambao sisi sote tuliuona mrefu. Alipotaka chumvi alimwambia Mama Zaina amwambie Zaina. Muuza vitambaa wa Nyamirambo aliambiwa ukweli nusu, akaudhika nusu, na kwa muda mrefu Mjomba alilazimika kununua pamba yake mbali. Juma hakuvuka kichochoro. Mukaru yake ilipoa kwenye birika kila alasiri, na Mama Zaina aliimwaga kwenye mpapai akiguna. Aliyevunja ukimya ule alikuwa Mzee Kasimu. Siku moja alivaa kanzu aliyoipiga pasi mpaka ikasimama yenyewe, akaingia kwa mlango wa mbele kama mgeni, akaketi kwenye kiti cha wateja na kusema ametumwa na kijana kuleta posa. Mafundi waliangusha mikasi. "Weye?" Mjomba akasema. "Weye ndiye mshenga wake?" "Mimi," akasema Mzee Kasimu. "Angeweza kukaa kimya, Sefu. Mimi ningekufa Gisozi na jina baya, na yeye angekunywa chai yako. Mtu wa namna hiyo unamnyima mtoto?" Nilikuwa nyuma ya ukuta wa mbao, Zaina amenikamata mkono mpaka unauma. Cherehani zilikuwa kimya na tulisikia kila kitu.

Hatimaye Mjomba akaita, "Hadija! Toka huko, najua uko hapo." Nikatoka. "Mikono yake hiyo," akasema, "itakuwa inatoboa binti yangu na wajukuu wangu maisha yote? Shule inasema dawa ni nini?" Nikasema ni kinyume chake, Mjomba, asidi inapozwa na besi. Akaniangalia. "Beseni?" Nikafungua mdomo nimsahihishe. Nilimwona Mzee Kasimu ananikazia macho kutoka kwenye kiti cha wateja, na kwa mara ya kwanza mwaka ule nilijua wakati wa kunyamaza. "Ndiyo, Mjomba," nikasema. "Beseni. La maji ya majivu." Kesho yake, mlangoni mwa chumba cha kushonea, kulikuwa na beseni jipya la bati juu ya kigoda, lina maji yaliyochujwa kwenye majivu ya jiko la Mama Zaina, yanateleza vidoleni, na pembeni taulo. Mjomba hakumwita mtu. Alikaa tu kwenye cherehani yake, mgongo kwa mlango. Alasiri Juma akatoka kibandani, akaliona beseni, akasimama katikati ya kichochoro huku watu wanampita. Akaja. Akatumbukiza mikono, na maji yakachemka kidogo, mapovu madogo sana, akaikausha kila kidole peke yake, akaingia. Mama Zaina alikuwa ameshamimina chai.

Mjomba alitaka kulitia gauni viraka. Alisema haiwezekani nguo ya mkono wake ikae hivyo. Zaina akakataa. Akamwambia atie viraka nguo nyingine zote atakazo, hii aiache. Walioana kabla ya mvua za mwaka uliofuata. Mimi nikaenda na kemia yangu nilikokwenda, nikawafundisha watoto wa watu mstari wa sifuri hadi kumi na nne, na kila niliposema kila hatua ni mara kumi nilimwona Zaina anatoka chumbani na gauni mikononi, hatua chache tu hadi mezani. Rehema ni kitinda mimba wao. Baba yake alitoka asubuhi moja, katika ile miaka mibaya, Rehema bado anajifunza kutembea, na hakurudi. Nyumba ilichomwa, Zaina akatoka na watoto na sanduku hili tu. Picha yake hata moja haikubaki. Rehema ameniuliza mara nyingi alikuwa na uso gani, na mimi kila mara namwambia alikuwa mrefu na mpole, maneno ambayo unaweza kumwambia mtu kuhusu mtu yeyote.

"Mama Mdogo," akasema, mitandio imekwisha, "lile gauni vipi? Gari la Batsinda halitanisubiri." Nikamwambia aje akae hapa. Nikaligeuza gauni mgongo juu, nikalinyoosha mkekani kati yetu. "Umesema nondo," nikasema. "Tazama vizuri. Manne hapa, na moja pale. Manne hapa, na moja pale." Alitazama. Aliinua mkono kama anayetaka kuuweka juu, akauzuia hewani, akanitazama usoni kuona kama namchezea. "Si nondo," nikamwambia. "Ni mikono ya baba yako."

Aliinuka, akaenda uani, nikasikia maji yanamiminwa kwenye beseni. Aliosha muda mrefu. Aliporudi alikuwa ameikausha mikono yake kidole kwa kidole, na hapo ndipo alipopiga magoti na kuigusa ile ya baba yake.